Mwali wa Mwembesongo

Mama Chiku anasema jambo lile alilibuni yeye peke yake, mwanzo mpaka mwisho, na sisi wengine tulikuwa wasaidizi tu. Alisema hivyo mwezi uliopita huko Bigwa, kwenye arobaini ya binti wa Idrisa, amekaa mkekani na sahani ya pilau mapajani, mbele ya wanawake ambao hawakuwepo mwaka ule na hawana namna ya kumpinga. Mimi nilikuwepo. Nilikaa ubavuni kwake nikamwacha aseme, maana umri wake sasa unamruhusu kusema lolote, na isitoshe anasimulia vizuri kuliko mimi. Lakini kila alipofika mahali pa kusema "nikawaambia, sasa sikilizeni", nilitamani kusimama na kuuliza: ulimwambia nani, mama? Ulikuwa umenuna, umetupa mgongo, unakaanga vitumbua! Sikusimama. Nilikula pilau yangu. Sura hii naiandika ili ukweli nao uwe na pa kukaa, na mjukuu wake akimsomea, najua atacheka kwanza, kisha atanipigia simu kunigombeza.

Kilichoanzisha habari siku ile ni mashavu ya mtoto. Yalikuwa makavu, mekundu kwa mbali, yenye magamba madogo madogo, na mama yake, binti mpole ambaye huyu ndiye mtoto wake wa kwanza, alikuwa akiyafunika kwa kitambaa kila mgeni alipoinama kumtazama. Shangazi mmoja akatoa kwenye mkoba sabuni ya kunukia, mpya, bado iko ndani ya karatasi yake. Mama Chiku aliipokea yeye, akashukuru sana, akaisukumia chini ya paja lake, na hatukuiona tena. "Huyu kachukua ngozi ya baba yake," alisema. "Kaeni niwaambie baba yake tulimfanyaje." Idrisa, jitu zima lenye ndevu, aliinuka taratibu akatoka nje, maana alijua kinachofuata.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimeshuka kutoka Mgeta kuja mjini kujifunza ushonaji. Nani alinitafutia nafasi na kwa nini, hayo yana sura yake. Hapa yatosha kusema kwamba Mwalimu Rukia, mama yake Idrisa, alinipa kitanda katika chumba chake kule Mwembesongo, na mimi nikawa nakaa na Idrisa asubuhi yeye akiwa shuleni. Mchana akirudi, mimi naenda kwenye cherehani. Mumewe alikuwa na kazi ya reli huko Kisaki, akija nyumbani mara moja moja na samaki wakavu kwenye kikapu, akicheka sana, halafu anaondoka tena. Nilimwita Mwalimu "dada", ingawa mbele ya watu nilimwita Mwalimu kama kila mtu.

Nyumba ile nikifumba macho naiona yote. Ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, mapazia ya kila rangi milangoni, na mwisho wa ukumbi mlango wa uani. Uani ndiko tulikoishi hasa. Palikuwa na bomba, kamba za nguo, bafu la mabati, na jiko la kila mama mbele ya kigoda chake. Mama Chiku alikaa karibu na mlango na chuma chake cha vitumbua, na harufu ya iliki ilikuwa inaniamsha kabla ya adhana kumwamsha yeyote. Juu ya ukuta ungeweza kuona mlima wa Uluguru na wingu lake, na akina mama walikuwa wanautazama kabla ya kuanika nguo. Mimi niliyetoka huko juu, kwenye nyumba zilizo mbali mbali na ukungu, sikuwahi kuona watu wakiishi karibu hivyo. Ukipika mchicha bila nazi, jirani anakuletea tui kabla hujaomba. Ukilia, watu wanne wanauliza kwa pamoja. Nilipapenda kuliko nilivyotegemea, na sikumwambia mtu, niliona aibu.

Idrisa alikuwa na miaka miwili, mnene wa tumbo, mwenye maneno machache na amri nyingi. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa inamtesa. Nyuma ya magoti, kwenye mikunjo ya viwiko, shingoni na mashavuni, ilikuwa imekakamaa na kupasuka. Ukimgusa ulihisi kama unagusa ukoko wa wali. Alikuwa anajikuna akicheza, anajikuna akila, anajikuna amelala, na asubuhi shuka ilikuwa na vidoa vya damu. Mwalimu alikuwa anazifua zile shuka mwenyewe mapema, watu wasione, ingawa nyumba nzima ilishaona.

Na nyumba nzima ilimpenda. Hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Katika ua ule, kumpenda mtoto kulikuwa ni kumwogesha. Mtoto mwenye vumbi miguuni alikuwa aibu ya nyumba, si ya mama yake tu, na mama yeyote aliyekuwa anaogesha wake, akimwona wa jirani anapita, alimkamata mkono akamtia kwenye beseni pamoja na wengine. Hakuna aliyeomba ruhusa, na hakuna aliyeshukuru, lilikuwa jambo la kawaida tu. Waliogesha kwa povu jingi na dodoki, wakisugua mpaka mtoto ang'ae, halafu wanampaka mafuta ya kunukia na kumwachia akimbie. Kwa Idrisa walizidisha, kwa huruma. Walimwona ana ukurutu, wakasema ni uchafu umeganda, ni joto, ni jasho, basi asuguliwe vizuri. Mama Chiku ndiye aliyesugua kuliko wote. Alikuwa na mikono ya mtu aliyekanda unga maisha yake yote, na nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia mtoto, huku Idrisa akipiga kelele mpaka njiwa wanaruka, "Nyamaza, baba. Leo nakutoa huu mdudu, kesho unalala kama mfalme."

Tulimpeleka kliniki siku ambayo Mwalimu alipata ruhusa shuleni. Muuguzi aliyetupokea alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, sauti yake ya chini. Alimkunja Idrisa mikono na miguu, akamtazama nyuma ya masikio, akasema ni pumu ya ngozi. Kisha akauliza mtoto anaoga mara ngapi kwa siku.

"Mara mbili," Mwalimu alijibu.

Mimi nikakohoa.

"Na wewe binti, unasemaje?" muuguzi akaniuliza.

Nikamtazama Mwalimu, nikasema. Kwamba alfajiri anaogeshwa na mama yake. Akishakunywa uji na kujipaka wote, namwogesha mimi. Mama Chiku akirudi kuuza vitumbua anaogesha wake, na Idrisa humo humo. Mchana ni Bi Zena, ambaye ameolewa juzi na hana mtoto bado, anasema anajifunza. Jioni tena, kabla ya magharibi, yeyote atakayemuwahi. "Na Ijumaa," nikaongeza, "huwa wanazidisha kidogo." Muuguzi aliweka kalamu chini. "Jamani," alisema, "mnaogesha mtoto au mnasugua sufuria?"

Alicheka, tukacheka, halafu akatueleza polepole. Ngozi ya mtoto huyu haishiki unyevu kama ya wengine. Kila povu na kila dodoki vinamwondolea kale kamafuta kadogo alikonako, inakauka, inawasha, anakuna, inapasuka, na mambo yanaanza upya. Si uchafu. Haiambukizi. "Na hakuna aliyemrushia kitu," alisema, bila kuulizwa. Aoge mara moja, maji ya uvuguvugu, kwa muda mfupi. Sabuni isiyo na manukato, kidogo, pale penye uchafu tu. Asisuguliwe. Akitoka majini akaushwe kwa kubonyezwabonyezwa na kitambaa laini, asifutwe, na kabla ngozi haijakauka kabisa apakwe mafuta mazito ya mgando yasiyo na harufu, mengi, mwili mzima. Kucha fupi. Nguo za pamba. Alitupa na dawa ya kupaka kwenye sehemu nyekundu tu, kwa siku chache zilizoandikwa, si zaidi. Mwisho akasema, "Nataka awe na mkono mmoja. Mtu mmoja anayemwogesha, ambaye nikimuuliza ananijibu." Wote wawili wakanitazama mimi.

Mwalimu Rukia alikuwa mtu mwema kuliko wengi niliowajua, lakini alikuwa mwalimu. Jioni ile ile aliwaita wote uani, akasimama mbele yao kama mbele ya darasa la pili, akawaeleza kila kitu kwa mpangilio, na hakukosea hata neno. Akamaliza kwa kusema kwamba kuanzia siku hiyo mtu yeyote asimwogeshe Idrisa wala kumpaka kitu. Nilikuwa nimesimama nyuma yake nimembeba mtoto, nikaona nyuso zikifungwa moja baada ya nyingine. Mama Chiku aliitazama mikono yake, akaigeuza. "Mkono wangu una nini, Mwalimu?" aliuliza. Mwalimu akasema hauna kitu, ni suala la kitaalamu. "Wangu wote nimewaogesha kwa mkono huu," alisema Mama Chiku. "Wote wako hai." Kisha akachukua kigoda chake akaingia ndani. Kumwambia mwanamke asimguse mtoto ni kumwambia jambo ambalo watu hawalisemi kwa sauti, na hakuna maelezo ya ngozi na unyevu yanayoweza kulifuta. Nililijua hilo, na Mwalimu naye alilijua, lakini maneno yalishatoka.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Salamu zilikuwepo, shikamoo na marahaba, basi. Kila mama alipika amegeukia ukuta. Tulikula mchicha wetu bila nazi. Bi Zena, kila alipomwona Idrisa, aliingia chumbani kwake haraka, kana kwamba mtoto ni polisi, na Idrisa alikuwa anasimama nje ya pazia lake akiita, hajui amekosa nini. Hilo lilimuumiza mama yake kuliko vyote. Ngozi ilianza kulainika, ni kweli, lakini nyumba ilikuwa imepoa. Mwisho wa wiki Mwalimu aliniambia amepata chumba Bigwa, kwenye nyumba ya peke yake yenye uzio, hakuna majirani wa kugombana nao. "Huko tutamtunza kwa amani," alisema. "Mwenye nyumba amesema atanishikia." Nilisema ndiyo, dada. Sikutaka kuhama hata kidogo. Niliona tunamponya mtoto ngozi na kumnyang'anya watu, na sikujua cha kufanya.

Ndipo Bibi akaja. Bibi ni mama yake Mwalimu, mkulima wa Kinole, mwembamba, mwenye kicheko kikubwa kuliko mwili wake. Alishuka Jumamosi na mkungu wa ndizi, mdalasini kwenye kitambaa, sweta ya sufu ya mjukuu na dodoki jipya kabisa alilolichuma kwenye ua wake. Kwa kawaida yao ya utani alimwita Idrisa mume wangu, na salamu yake ya kwanza ukumbini ilikuwa, "Mume wangu yuko wapi? Kanioa halafu kanitelekeza mlimani!" Hata hajakunywa maji alishamvua Idrisa nguo, kamsimamisha kwenye beseni uani, kalishika dodoki. Mwalimu alitoka mbio. "Mama, subiri! Usimwogeshe!"

Bibi akabaki na dodoki hewani. Mama Chiku alikuwa kwenye kigoda chake ametupa mgongo, anageuza vitumbua, na bila kugeuka akasema kwa sauti ya kila mtu asikie, "Bibi, usijisumbue. Huyo siku hizi si mtoto, ni mwali. Haguswi. Haogeshwi. Hatoki juani. Ana somo wake maalumu kaletwa kutoka Mgeta. Sisi wengine tunamwangalia kwa mbali, kama hivi."

Kwa wasiokulia kwetu, mwali ni kijana anayewekwa ndani wakati wa kuingizwa utu uzima, na muda wote huo somo wake peke yake ndiye anayemhudumia, anamwogesha, anampaka mafuta, anamlinda na jua na macho ya watu. Wa kike wanawekwa nyumbani, wa kiume jandoni. Maneno ya Mama Chiku hayakuwa mzaha, yalikuwa kisu. Niliona Mwalimu ameuma mdomo. Lakini Bibi, ambaye hakujua lolote la ugomvi wetu, alimtazama Idrisa. Idrisa alikuwa amesimama ndani ya beseni kama alivyozaliwa, tumbo mbele, mafuta yanameremeta mashavuni, kamasi inashuka, na mkononi ana kipande cha ndizi.

"Mwali?" Bibi aliuliza. "Mume wangu ni mwali?" Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa, na pa kukaa hapakuwepo, akakaa chini. "Jamani, mwenzenu nimeolewa na mwali! Nitasema nini Kinole?" Bi Zena alitokeza kichwa kwenye pazia, akamwona mwali mwenyewe anakula ndizi, naye akapasuka. Mimi nikashindwa. Mwalimu akafunika uso kwa mikono, na sikujua kama analia, kumbe anacheka. Nikautazama mgongo wa Mama Chiku. Ulikaa wima kwa muda mrefu, halafu mabega yakaanza kutikisika. Vitumbua vikaungua siku ile, vyote vilivyokuwa kwenye chuma, na sijawahi kusikia vikiungua siku nyingine.

Bibi hakuishia hapo. Akavua kanga ya mabegani, akamfunika Idrisa gubigubi kutoka kichwani, akamwinua na kuingia naye ukumbini akiimba kwa Kiluguru wimbo wa kumwingiza mwali ndani, huku miguu ya mtoto inachezacheza chini ya kanga. Kigelegele kikamjibu kutoka uani. Niligeuka kuona nani. Alikuwa Mama Chiku, mwiko mkononi, na nadhani mdomo wake ulitangulia akili. Akiwa ameshapiga kigelegele cha mwali, hakuwa na pa kurudi. Mwali hakuwa tena mtoto aliyekatazwa na Mwalimu. Alikatazwa na mila, na mila haimtukani mtu, haimwambii yeyote kwamba mkono wake una kitu. Huo ndio ukweli wa jambo lile. Halikubuniwa na mtu. Mama Chiku alitaka kuchoma, Bibi akalichukua kama mzaha, na sote tukaingia humo tukafunga mlango.

Tangu jioni ile Mama Chiku alikuwa mlinzi. Masharti alikuwa anayatoa yeye, na mengine aliyaongeza kwa raha zake. Bi Zena alipokuja na kopo lake la poda alikutana naye mlangoni. "Rudi na marashi yako. Mwali hanusi vitu." Mgeni akimwambia Mwalimu kwamba mtoto huyu anahitaji kusuguliwa chumvi, Mama Chiku alijibu kabla ya mama mwenyewe: "Kwani wewe ni somo wake?" Na mimi somo sikupona. Alikuwa anavuta kigoda chake mpaka mlangoni kwetu wakati wa kumwogesha Idrisa, akikaa nje ya pazia na kuniuliza maswali. "Somo gani hujaolewa? Utamfundisha nini mwenzio, cherehani?" Nilikuwa naingiza kiwiko kwenye maji kusikia moto wake, namwagia mtoto kwa kikombe, namwosha kwa kiganja tu, na kupitia kitundu cha pazia naona jicho. "Unamwogesha au unambembeleza?" anauliza. "Ndiyo hivyo hivyo, mama," najibu. "Haya, mtaalamu." Kesho yake yuko pale pale. Ikafika mahali nikichelewa kufungua kopo la mafuta, sauti inatoka nje: "Atakauka huyo! Mpake!"

Mapenzi yaliyokuwa yanapita kwenye beseni ilibidi yatafute njia nyingine. Mwali huwa analishwa, basi wakamlisha. Asubuhi vitumbua viwili vya kwanza, vile vyenye kingo za kukauka, vililetwa mlangoni chini ya kawa. Mchana magimbi ya tui, au kunde, au kipande cha ndizi bokoko kutoka kwa mtu ambaye hataki kutajwa. Nilimaliza nusu ya vyakula vile mimi, na nilinenepa mwaka ule kuliko mwali. Bi Zena alipewa kazi ya nguo. Muuguzi alikuwa amesema sabuni ya unga isibaki kwenye nguo, na Bi Zena alizisuuza mpaka Mama Chiku akamuuliza kama anatafuta dhahabu humo. Mimi nilishona. Akina mama walinipa kanga zao kuukuu, zilizofuliwa mpaka zikawa laini kabisa, nikazikata vishati vyenye mishono kwa nje ili ndani kusiwe na kitu cha kumkwaruza. Mtoto alionekana amevaa nguo ndani nje kila siku. Watoto wa mtaani walimcheka, kisha mtoto mmoja wa jirani akamlilia mama yake naye ageuziwe shati. Ile sweta ya sufu Bibi aliifumua, akafuma upya kitu cha kujifunga shingoni mwenyewe. "Yangu ngozi ni ya mamba," alisema, "haina habari."

Ngozi ilipona polepole, na kuna wakati haikupona. Kiangazi, upepo wa vumbi ulipoanza, magoti yakapasuka tena ingawa hatukukosea kitu, na Idrisa akarudi kulia. Mwalimu alikaa kitandani na kuniambia kwa sauti ya chini, "Felista, labda tungehama tu. Mwisho wa mwaka tunahama." Chumba cha Bigwa kilikuwa bado kinatungoja. Nilikuwa nakikumbuka kila siku, na kila nilipompaka mtoto mafuta nilikuwa kama napiga kampeni tusihame. Tulirudi kwa muuguzi, akatueleza kwamba pumu ya ngozi ndivyo ilivyo, inatulia na kurudi, wengi inawapungua wakikua, kazi yetu ni kuilainisha ngozi. Tuliporudi Mama Chiku alikuwa mlangoni. Aliwatazama mama na mtoto, akauliza yanaendaje, Mwalimu akasema yamerudi. Nilingoja aseme neno la kejeli, maana alikuwa na haki nalo. "Mwali hajaiva," alisema. "Nani kasema anatoka leo? Ingieni ndani, mle."

Mwali alitoka mvua za vuli zilipotuliza vumbi. Nyuma ya magoti palikuwa laini, viwiko laini, mashavu yamebaki na kivuli tu, na shuka asubuhi zilikuwa safi. Akina mama hawakumuuliza Mwalimu, walipanga wao: Ijumaa alasiri, kila mtu na kanga mpya, Bibi aitwe kutoka Kinole. Walipika pilau, na mimi Mkristo peke yangu nilipewa kazi nyepesi ya kupepeta mchele kwa kuwa siku hiyo, kama somo, nilikuwa mtu mkubwa. Idrisa alitolewa akiwa mgongoni kwa Bibi, amefunikwa, vigelegele vikajaa ukumbi mzima mpaka mtaani watu wakasimama. Bibi alipofunua kanga, mwali alikuwa amelala usingizi.

Watu wakacheka, akaamka, akakasirika. Niliandaa maji yangu kama kawaida, nikamwogesha mbele ya wote, mara ya kwanza hadharani, nikamkausha. Nikanyoosha mkono kuchukua kopo la mafuta. Halikuwepo. Mwalimu Rukia alikuwa amelishika. Alipita kati ya watu, akasimama mbele ya kigoda cha Mama Chiku, na safari hii hakuongea kama mwalimu. Alipiga magoti. "Mama," alisema, "naomba umpake wewe."

Mama Chiku hakupokea. Alilitazama kopo, akainuka akaenda bombani. Alinawa mikono mpaka viwikoni, akaisuuza, akaisuuza tena, akaikausha kwa kanga yake mpya, akarudi akakaa. Mtoto akawekwa mapajani kwake akiwa bado na unyevu. Alichota mafuta, akayagawa viganjani, akaniangalia mimi, na mwaka mzima ndiyo mara ya kwanza aliponiuliza bila utani. "Hivi?"

"Hivyo hivyo, mama."

Alianza kwenye magoti. Aligusa kwa vidole kama mtu anayegusa unga kuona umeumuka. "Chumba cha Bigwa nimekiacha," alisema Mwalimu, bado yuko chini magotini. "Nimemwambia mwenye nyumba ampe mtu mwingine." Mama Chiku aliitikia kwa kichwa, akaendelea kupaka viwiko, shingo, mashavu, na machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuwa na mkono mkavu wa kuyafuta. Idrisa alimtazama. Akatia mkono wake mzima ndani ya kopo, akautoa umejaa, akaanza kumpaka Mama Chiku usoni, taratibu, akibonyezabonyeza, shavu hili na shavu lile, juu ya machozi. Na yule mama, ambaye katika ua ule hakuna aliyewahi kumwambia kaa utulie, alifumba macho akamwachia uso wake wote.